Wimbo wa senti 99 na CD ya dola 18: nani hasa alikuwa anapigwa?

Kuna ubishi mmoja ulikuwa hauishi kwenye ile nyumba tuliyokuwa tunakaa Houston, miaka ya 2004, 2005 hivi, wabongo wanne vyumba viwili, na wala haukuwa ubishi wa Simba na Yanga. Jamaa mmoja alikuwa ananunua nyimbo kwa kudanlodi, wimbo senti 99, albamu nzima dola 9.99, akawa anatucheka sisi tunaoenda dukani kununua CD kwa dola 14 au 15, anasema nyie mnalipia plastiki. Mwingine, huyu alikuwa anapanga mizigo kwenye ghala usiku, akawa anamjibu wewe ndo unapigwa, unalipa dola kumi kwa kitu ambacho hakipo, hamna kava, hamna lori la kuleta, hamna mtu wa kupanga kwenye shelfu kama mimi, kwanini isiwe dola mbili?

Swali zuri, na watu kibao walikuwa wanajiuliza hivyo hivyo na wengine mpaka leo. Mi nilikuwa naamua ugomvi kwa kuzima redio tulale. Ila baadae nilivyokaa nikafuatilia hizi hesabu nikaona wote wawili walikuwa wamekosea palepale, wote waliamini kwamba bei ya muziki inatokana na plastiki. Haijawahi kutokana na plastiki bana.

Tuanze na hiyo CD. Ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, mwaka uliofuata ikaingia Marekani na Ulaya, na mwanzoni ilikuwa ghali kwa sababu ya kweli, viwanda vya kuzitengeneza vilikuwa vichache na teknolojia ngeni. Watu wakaambiwa kwa lugha tamu kwamba viwanda vikiwa vingi bei itashuka. Viwanda vikawa vingi kweli, gharama ya kutengeneza CD moja na kikasha chake na kikaratasi cha ndani ikashuka mpaka kwenye dola moja hivi, lakini bei iliyoandikwa kwenye CD mpya ya msanii mkubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzo wa 2000, ilikuwa dola 16.98 mpaka 18.98. Yaani gharama inashuka, bei inapanda, na hakuna aliyekuja kukuelezea.

Sehemu ya maelezo ilipatikana Mei 2000. Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, iliyabana makampuni matano makubwa ya muziki ya wakati ule, Universal, Sony, Warner, BMG na EMI. Mchezo ulikuwa hivi: maduka makubwa ya bidhaa mchanganyiko yalianza kuuza CD kwa bei ya chini sana ili kuvuta wateja, mtu aje kwa ajili ya CD aondoke na friji. Maduka ya muziki yakalia. Makampuni yakaweka sharti, duka lolote litakalotangaza CD kwa bei chini ya ile waliyopanga wao linanyimwa hela ya matangazo, na hiyo hela ya matangazo ilikuwa nono, kwahiyo kila mtu akanyooka. FTC wakakadiria kwamba kwa miaka mitatu wanunuzi huenda walizidishiwa mpaka dola milioni 480. Majimbo nayo yakafungua kesi, 2002 makampuni yakakubali kulipa, na mapema 2004 watu waliojiandikisha wakaanza kupokea hundi, kila mmoja dola 13.86. Yaani umelanguliwa miaka yote hiyo unarudishiwa hela ambayo hata CD moja ya bei kamili haitoshi, mi nilicheka sana.

Kwahiyo jamaa wa danlodi alivyokuwa anasema CD ni ghali alikuwa sahihi, ila sio kwa sababu ya plastiki.

Sasa njoo kwenye senti 99. Apple walifungua duka lao la iTunes tarehe 28 Aprili 2003, nyimbo milioni moja zikauzwa ndani ya wiki ya kwanza. Kwenye kila senti 99 Apple alikuwa anabaki na kama senti 30, zilizobaki kama 70 zinaenda lebo, yaani kampuni ya muziki. Humo kwenye 70 anatoka mtunzi, ambaye kwa sheria ya Marekani kiwango chake kuanzia 2006 kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo (na hiyo ilikuwa sawasawa iwe CD au danlodi, sheria haikujali plastiki), anatoka mwimbaji kwa asilimia aliyosaini kwenye mkataba kama ameshamaliza deni la studio, inayobaki ni ya lebo. Na ile 30 ya duka usione kama ni mlima, kwenye muamala wa dola moja makampuni ya kadi yanakata ada yao na ada ina kiwango cha chini, ndo maana walikuwa wanakusanya manunuzi yako ya siku mbili tatu wanakukata mara moja.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Septemba 2003, miezi minne na kidogo tu baada ya iTunes kufunguliwa, Universal walitangaza kushusha bei ya CD zao, bei inayoandikwa kwenye CD ikawa dola 12.98, na bei ya jumla wanayowauzia maduka ikashuka kutoka kama dola 12 mpaka 9.09. Linganisha sasa. CD ya bei mpya lebo inapata 9.09, humo itoe gharama ya kutengeneza, kusafirisha, na kupokea mzigo uliododa, maana maduka ya CD yalikuwa na haki ya kurudisha zisizouzika. Albamu ya kudanlodi ya 9.99 lebo inapata kama dola 7, hamna kutengeneza, hamna lori, hamna mzigo kurudi. Toa gharama pande zote utaona kinachobaki mkononi mwa lebo ni karibu kilekile. Yule jamaa wa ghala alikuwa anauliza mbona isiwe dola mbili, jibu ni kwamba kilichoondoka ni plastiki na lori, vitu vya dola mbili tatu, vingine vyote vilivyokuwa ndani ya bei vilibaki, studio, matangazo, mirabaha, faida, mshahara wa bosi.

Sasa kama lebo walikuwa wanapata vilevile kwanini walilia miaka kumi mfululizo?

Kwa sababu ya fungu. Wewe umeenda sokoni nyanya zinauzwa kwa fungu, juu kuna mbili nzuri nyekundu zinakukonyeza, chini zimejificha tatu za kijani na moja iliyobonyea, unataka zile mbili za juu lakini mama hauzi mbilimbili, unabeba fungu lote. Albamu ya CD ndo ilikuwa hivyo. Kulikuwa na singo za CD lakini miaka ya tisini mwishoni lebo za Marekani zilikuwa hazizipendi tena, wimbo unapigwa redioni kutwa nzima alafu ukienda dukani singo haipo, ipo albamu tu, nyimbo 12, unachukua kwa 14 yako na unakuta za maana mbili. Gawanya, dola saba saba wimbo mmoja. Danlodi ilivyokuja ikavunja fungu, ukachukua zako mbili kwa dola 1.98 ukaenda zako.

Fanya hesabu upande wa lebo. Kwa senti 70 kwa wimbo, ili wafikie ile 9.09 ya CD moja, inabidi uwanunulie nyimbo 13. Ukinunua mbili wamepata dola 1.40. Mteja yule yule, msanii yule yule. Takwimu za chama chao cha RIAA zinaonyesha mwaka 2000 zilisambazwa Marekani CD milioni 942.5, miaka kumi baadae zilikuwa hazifiki hata theluthi ya hizo, na nyimbo za mojamoja za kudanlodi zilikuwa zimevuka bilioni moja kwa mwaka. Ukisoma harakaharaka unaona bilioni ni kubwa kuliko milioni mia tisa, ila bilioni ya nyanya mojamoja sio bilioni ya mafungu. Uharamia nao ulichangia, Napster ya 1999, ile programu ya kupeana nyimbo bure, kila mtu anaijua na sitaki kuizungumzia hapa, lakini hata waliolipa kihalali kabisa walikuwa wanalipa kidogo kwa sababu wameruhusiwa kuchagua.

Upande wa pili sasa, kupimiwa kuna bei yake, kama mafuta ya kupima dukani, ukijumlisha vijiko unakuta chupa nzima ingekuwa nafuu. Albamu ya nyimbo 18 ukiichukua mojamoja ni dola 17.82, hapo CD imekushinda. Kingine, kuna nyimbo zilikuwa zinafungiwa, haziuzwi peke yake mpaka uchukue albamu yote, na mara nyingi ni zile ndefu au zile unazozitaka. Pia kuna wasanii waliogoma kabisa kuvunja fungu: AC/DC hawakuingia iTunes mpaka Novemba 2012, na Pink Floyd waliwashinda EMI mahakamani London Machi 2010, mkataba wao ulisema albamu isikatwekatwe na mahakama ikasema hiyo inahusu na kudanlodi. Beatles wao waliingia Novemba 2010, wimbo dola 1.29, albamu 12.99, na hapo ukienda kwenye duka la kawaida unaikuta CD hiyohiyo kwa bei hiyo au chini yake. Bila plastiki ghali kuliko yenye plastiki, hata mimi mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Lakini inaeleweka ukifikiria kibiashara. CD iliyokaa dukani ni mzigo, inakula nafasi, mwenye duka akichoka anaishusha bei mpaka itoke, anaweza hata kuuza kwa hasara ili akuvute ndani. Faili halikai shelfuni, halimchoshi mtu, kwahiyo hakuna anayeharakisha kulipunguza. Na bei ya faili alikuwa anaishikilia mtu mmoja au wawili tu wakati CD ilikuwa na wauzaji elfu wanaogombania mteja. Mfano mzuri ni Amazon walipoanzisha mpango wa AutoRip Januari 2013, ukinunua CD wanakupa na faili za MP3 bure hapohapo, sasa ilitokea mara kadhaa CD pamoja na MP3 zake ni bei ndogo kuliko MP3 peke yake. Watu wakawa wananunua CD, wanachukua faili, CD ikifika hata bahasha hawafungui.

Uingereza kulikuwa na kituko kingine cha kodi. Mzigo mdogo unaotoka nje ya Umoja wa Ulaya ulikuwa hautozwi VAT, kiwango kilikuwa pauni 18, basi maduka ya mtandaoni yakahamishia CD zao visiwa vya Jersey na Guernsey, hapo ng'ambo tu ya maji, zinatumwa kwa posta moja moja bila kodi. Serikali ilikuja kuziba hilo tundu Aprili 2012. Kwahiyo kwa miaka kibao CD iliyosafiri kwa ndege ilikuwa inakwepa kodi ambayo faili lililopita kwenye waya linalipa. Na hao hao Waingereza walikuwa wanalipa senti 79 za pauni kwa wimbo ambao Mfaransa na Mjerumani wanaupata kwa senti 99 za yuro, ambayo kwa miaka ile ilikuwa pungufu, mpaka Tume ya Ulaya ikaingilia na Januari 2008 Apple wakaahidi kusawazisha.

Ubora pia ni bei, watu wanasahau. CD ina kilobiti 1,411 kwa sekunde, wimbo wa iTunes wa 2003 ulikuwa 128. Wimbo wa dakika nne kwenye CD unakula kama megabaiti 42, ule wa kudanlodi megabaiti nne tu. Haina maana kwamba unasikia sehemu ya kumi tu ya wimbo, ule ubanaji ni wa kitaalamu, unatupa vile ambavyo sikio halivikamati vizuri, na kwenye spika za gari yangu ya wakati ule hata ungepiga kwa kopo nisingetofautisha. Ila ni kweli kwamba unalipa bei inayokaribia ya CD kwa kitu kilichopunguzwa. Mei 2007 Apple na EMI wakaleta toleo la 256 lisilo na kufuli, wakaliuza dola 1.29. Kumbe ubora walikuwa nao tu.

Na kufuli lenyewe sasa. Nyimbo zile za mwanzo zilikuwa zimefungwa, zinapigika kwenye kompyuta tatu (baadae tano) ulizoziandikisha, na kwenye iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, basi. Gari yangu ilikuwa na redio ya CD tu, kwahiyo mimi nilikuwa naulipia wimbo senti 99, nauchoma kwenye CD tupu niliyonunua kwenye lile gudulia la hamsini, nauandika kwa maka peni, naenda kusikiliza kwenye gari. Nimekwepa plastiki dukani nimekuja kuitengeneza mwenyewe nyumbani, tena kwa muda wangu na wino wangu! Jamaa wa ghala akaniona siku moja sebuleni nimezungukwa na masidii nayachoma, hakusema kitu, alitikisa kichwa tu akaenda kuoga.

Januari 2009 Apple wakatangaza kufuli linaondoka kwenye katalogi nzima, watu tukashangilia, alafu tukasoma vizuri, zile ulizonunua zamani ukitaka zifunguliwe unaongeza senti 30 kwa kila wimbo. Na mwezi Aprili bei moja ya senti 99 ikafa, zikaja tatu, 69, 99 na 1.29, na bila kuuliza unajua zile zinazopendwa ziliwekwa wapi. Lebo walikuwa wanaidai hiyo tangu 2005, Steve Jobs, bosi wa Apple, akawa anawaita wenye tamaa. Hatimaye wakabadilishana, nyie toeni kufuli, sisi tunawapandishia bei.

Wengine walikuwa na bahati mbaya zaidi. Duka la MSN Music la Microsoft lilishafungwa, na Aprili 2008 wateja wake wakaandikiwa kwamba seva za kutoa funguo zitazimwa mwezi wa nane, maana yake ukibadilisha kompyuta baada ya hapo nyimbo ulizolipia hazifunguki. Kelele zikapigwa wakasogeza mbele miaka mitatu. Yahoo nao mwaka huohuo walizima zao Septemba. Na kabla hujasema CD oyee, kumbuka Sony BMG 2005 waliweka kwenye CD zao programu ya siri inayojisakinisha kwenye kompyuta yako na kujificha, mtaalamu mmoja akaigundua, wakalazimika kuzirudisha. CD ya dukani, halali, imekuwekea mdudu.

Mimi msiba wangu ulikuwa wa kawaida tu. 2006 laptopu ikaanza kulia tik, tik, tik, nikadhani ni feni. Kumbe ni hard disk, ile diski ya kutunzia kila kitu, inaaga. Nilikuwa na nyimbo 112 nilizonunua, dola 110.88, nikaliandikia duka, wakanijibu kwa adabu zote kwamba kutunza nakala ni jukumu la mteja, nikitaka tena ninunue tena. Siku zile ndo ilikuwa kawaida ya biashara, hata iTunes haikuwa na utaratibu wa kudanlodi upya ulichonunua mpaka 2011. Wakati huohuo CD zangu zilikuwa chini ya kitanda, zingine zimekwaruzika mpaka unazisugua na dawa ya meno, lakini zinapiga.

Hapo ndo unafika kwenye swali ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuulizwa kwanza kabla ya bei: unanunua nini? CD ni kitu, ukishalipa ni chako kama kiti. Faili ni ruhusa. Yale masharti marefu ambayo wote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma yanasema umepewa leseni ya kusikiliza. 2012 kulikuwa na habari kwenye magazeti ya Uingereza kwamba mwigizaji Bruce Willis anataka kuwashtaki Apple ili aweze kuwarithisha watoto wake nyimbo zake, haikuwa kweli, mkewe alikanusha, lakini ilisambaa kwa sababu kila mtu alijiuliza na mimi je.

Na utamu wa hii leseni ni jinsi lebo walivyokuwa na midomo miwili. Kwa mnunuzi wanasema hatujakuuzia, tumekupa leseni tu. Kwa msanii wanasema hayo ni mauzo. Kwanini? Mikataba mingi ya zamani ilisema rekodi ikiuzwa msanii anapata asilimia kumi na kitu, lakini rekodi ikipewa mtu mwingine kwa leseni msanii anapata nusu. Watayarishaji waliokuwa na fungu kwenye nyimbo za mwanzo za Eminem, kampuni ya F.B.T., wakaenda mahakamani wakauliza, kama danlodi ni leseni, nusu yetu iko wapi? Mkataba ulikuwa na asilimia 12 mpaka 20 kwa mauzo na 50 kwa leseni. Septemba 2010 mahakama ya rufaa ikasema ni leseni, lipeni 50. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza rufaa ya lebo Machi 2011. Wasanii wa zamani kibao wakatoa mikataba kabatini wakaanza kusoma. Mikataba mingine ilikuwa bado inamkata msanii asilimia 25 kwa ajili ya "vifungashio" hata kwenye danlodi, kifungashio cha faili! Kwahiyo plastiki ilikuwepo bwana, ila ilikuwa kwenye makato ya msanii tu.

Huku nyumbani hesabu zilikuwa za kwao kabisa. Nilivyorudi likizo Dar nikakuta vijana wenye kompyuta kwenye vibanda wanakujazia memori kadi nyimbo mamia kwa hela ya soda, ukimuelezea mtu senti 99 kwa wimbo mmoja anakuangalia kama umechanganyikiwa. Na aliyetaka kudanlodi kihalali alikuwa analipa mara mbili, wimbo na bando. Hata hivyo na huku fungu ndo lilikuwepo, CD moja ya kuchoma nyimbo mchanganyiko 150 za MP3, unataka moja unapewa Bongo Flava yote.

Siku hizi strimingi imeua huu ubishi, au imeuficha. Spotify waliingia Marekani Julai 2011 kwa dola 9.99 kwa mwezi na hawakuigusa hiyo bei mpaka Julai 2023. Iangalie hiyo namba, 9.99, ndo ileile ya albamu moja ya iTunes. Aliyekuwa ananunua albamu moja kila mwezi akawa anapata kila kitu kwa hela ileile, huyo alifaidi. Aliyekuwa ananunua albamu mbili kwa mwaka akawa anatoa karibu 120 kwa kitu kilichokuwa kinamgharimu 20, na siku akiacha kulipa hana hata wimbo mmoja. Mi niko katikati, nalipa na nalalamika.

Kilichobaki ni kuuza. Marekani mwenye nakala ana haki ya kuiuza tena bila kuomba ruhusa, Mahakama ya Juu ilishaamua tangu 1908, kwenye kesi ya duka lililouza kitabu senti 89 wakati mchapishaji ameandika ndani kisiuzwe chini ya dola moja. Ndo maana CD zilizotumika zilikuwa mtandaoni mpaka senti moja, unalipa usafirishaji kama dola tatu, kwisha, albamu nzima kwa bei ya nyimbo tatu. Hakuna danlodi iliyowahi kushindana na hiyo. Kampuni ya ReDigi ikajaribu 2011 kufungua soko la faili zilizotumika, unauza lako, linafutika kwako linahamia kwa mwingine. Wakashtakiwa, wakashindwa 2013, wakakata rufaa wakashindwa tena Desemba 2018. Sababu ni ya kisheria kabisa: ukiuza CD unahamisha kitu kilekile, ukihamisha faili unatengeneza nakala mpya huku unaifuta ya zamani, na kunakili sio haki yako.

Nilivyokuwa nahama ile nyumba 2011 nilipeleka CD 46 kwenye duka moja la mitumba ya muziki. Mzee akazipitia moja moja anaziinamisha kwenye taa kuangalia mikwaruzo, sita akazikataa, zilizobaki akazitupia bei, hii dola moja, hii mbili, hii tatu, jumla nikatoka na dola 58. Kwenye begi nilikuwa na hard disk ya nje yenye nyimbo zangu zote nilizonunua baada ya ule msiba, zaidi ya dola 400 humo ndani, nikaitoa nikaiweka kaunta nikamuuliza kwa utani na hii je. Akaipima kwa mkono, akageuza kuangalia ni ya ukubwa gani, akasema hiyo naweza kukupa dola kumi, ila uifute kwanza.